Kufuli Tumboni mwa Bosi

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi ya ndoa yangu niliamini kwamba nyumbani kwetu mtu anayejua kushona ni mmoja tu. Imani hiyo ilivunjika. Nitaeleza jinsi ilivyovunjika, na sitajipendelea, ingawa mke wangu anasema hilo haliwezekani.

Mke wangu ni daktari wa mifugo, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa ng'ombe. Wafugaji walimpachika jina la Bi Mkono. Ndama akikwama, yeye huvaa glovu ya plastiki inayofika begani, huingiza mkono, hufumba macho, na baada ya dakika mbili tatu anakwambia ndama amelalaje, mguu upi umejikunja, na kama yu hai. Anafumba macho kabisa, kama mtu anayesali. Nilimuuliza siku moja kwa nini, akasema macho yanamsumbua kwa sababu yanataka kuona mahali pasipo na cha kuona.

Kazi hiyo aliipenda na wafugaji walimpenda. Angeweza kuendelea nayo mpaka astaafu, kama si mbwa wa jirani yetu, dereva wa lori. Mbwa yule alimeza gunzi la hindi. Dereva akambeba mikononi akaja mbio kwetu, maana daktari ni daktari. Mke wangu akampapasa mbwa tumboni kwa nje, akalipata gunzi palepale. Tatizo likawa moja: kulitoa kunahitaji kumpasua, na mara ya mwisho yeye kuona tumbo la mbwa lililofunguliwa ilikuwa chuoni, tena akiwa amesimama safu ya nyuma. Akasema ukweli, kwamba hawezi, akapiga simu huku na huku kutafuta anayeweza. Alipatikana kesho yake, mbali. Mbwa alifia njiani.

Mke wangu alilia kuliko mwenye mbwa. "Nilijua lilipo," aliniambia. "Nilijua hata urefu wake. Nikaogopa kukata." Nikampa kitambaa. Miezi miwili baadaye alijaza fomu za kurudi shule, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita na miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutafutia ule wa kusomea.

Yalikuwa mafunzo ya uzamili ya miaka miwili, ya upasuaji wa tishu laini kwa mbwa, paka na wanyama wengine wanaofugwa ndani. Alinieleza kwamba tishu laini ni kila kitu mwilini ambacho si mfupa: ngozi, utumbo, kibofu, ini, wengu. Nikamwambia basi hata mimi nimebobea katika tishu laini, maana sijawahi kushona mbao. Hakucheka. Nilirudia mzaha ule mbele ya binti yetu, naye hakucheka, nikajua nyumba imebadilika.

Wenzake darasani walikuwa vijana ambao angeweza kuwazaa. Walimwita Mama, wakamwekea kiti cha mbele, na wakashangaa kwamba mtu wa umri ule anaandika kila kitu kwa kalamu. Yeye alirudi kila siku na kazi za nyumbani, na kazi zenyewe zilikuwa ni mafundo. Daktari wa upasuaji hufunga fundo kwa mkono mmoja, kwa vidole vitatu tu, haraka, bila kuangalia. Basi akafunga. Alifunga kwenye miguu ya viti, kwenye kamba za pazia, kwenye mpini wa friji. Binti yetu alikaa pembeni na simu akihesabu sekunde, akimkaripia mama yake kwa raha ambayo haikufichika. Asubuhi moja nilichelewa dukani kwa sababu kamba za viatu vyangu zilikuwa na mafundo kumi na moja kila upande, na yote yalikuwa mazuri.

Kisha akaanza kushona. Alipasua sifongo ya kuoshea vyombo akaishona. Alipasua ngozi ya kuku akaishona, kisha tukamla kuku akiwa na mshono. Ila siku ya ndizi ndiyo nitakayoenda nayo kaburini. Niliichukua mezani, nzuri, imeiva, nikaimenya, nikakuta ndani hamna kitu. Alikuwa ameifungua ubavuni, akatoa nyama yote, akalishona ganda kwa uzi mwembamba na kuirudisha ndizi kwenye sahani ili aone kama mtu atagundua. Binti yetu alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. Nilinuna, lakini niliutazama ule mshono kwa siri, na roho iliniuma kidogo.

Hata hivyo alikuwa na kasoro, na mimi niliiona kabla ya walimu wake. Mkono wake ulikuwa mzito. Ngozi ya ng'ombe haikubembelezi: usipovuta uzi kwa nguvu zote haifungi. Yeye alikuwa amevuta hivyo kwa miaka kumi na tisa. Lakini nyama ya ndani ya paka ukiikaba namna hiyo, damu haipiti, na isipopata damu haiponi, inakufa na mshono unaachia. Nilimwambia fundo lake linanyonga. Akanijibu kwamba mimi ni fundi wa suruali.

Mwalimu wake mkuu alimwambia hayohayo kwa upole zaidi. Alikuwa profesa mzee, mwembamba, anayetanguliza shingo anapotembea na kuongea neno moja leo na la pili kesho. Wanafunzi walimwita Kobe, mbali na masikio yake. Alikuwa na mambo mawili ya kumwambia mke wangu kila wiki. La kwanza lilikuwa, "Legeza, Daktari." La pili lilikuwa, "Fumbua macho, Daktari. Huyu si ng'ombe."

Mtihani wa vitendo ulipofika, alipewa mbwa mwenye jiwe kwenye kibofu. Alilitoa jiwe vizuri, akaanza kushona kibofu, na kila alipokaza uzi nyama ikageuka nyeupe. Mshono wa nne, Kobe akamwekea mkono juu ya mkono, akamwomba apishe. Akamalizia mwenyewe. Mke wangu alifeli akiwa amesimama pale pale, glovu mikononi, akitazama mtu mwingine akimaliza kazi yake.

Aliporudi alinipa habari akiwa bado mlangoni. Mimi nina hasira za karibu, siwezi kukana, nikamtukana Kobe na ukoo wake. Mke wangu akaniacha nimalize. Akasema mzee ana haki. Akasema pia kwamba kuna nafasi moja ya kurudia, baada ya miezi mitatu, na ukifeli mara ya pili unarudi nyumbani bila cheti. Kisha akaketi, akashika tama, na nikamwona kwa mara ya kwanza ni mtu aliyechoka.

Hapo ndipo nilipofanya la maana. Nilikwenda dukani nikaleta kitambaa cha hariri, kile chembamba cha bitana ya koti, ambacho ukikivuta uzi kupita kiasi kinajikunja na aibu yako inaonekana tangu mlangoni. Nikamwambia ashone hicho kwa mkono kila siku mpaka kilale. Wiki ya kwanza kilijikunja chote. Wiki ya pili alikitupa ukutani. Nilikiokota, nikakinyoosha, nikamrudishia, na yeye akakipokea bila kuniangalia. Mwezi wa pili ulipokwisha aliniwekea kipande mezani kikiwa kimelala kama karatasi. Nilikitundika dukani. Mteja mmoja akauliza nani kashona kwa ustadi ule, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema ni mimi.

Mtihani wa pili ulikuwa siku ya Jumanne, na mgonjwa wake alikuwa Bosi. Bosi ni mbwa mdogo, mnene, mwenye miguu mifupi na tabia ya kuketi kwenye kochi kuliko wageni. Mwenye naye ni mwalimu mstaafu, mama mmoja wa maneno machache, ambaye hufungia biskuti zake kabatini kwa kufuli dogo kwa sababu ya Bosi huyohuyo. Siku moja aliliacha kufuli mezani, likiwa limefungwa, huku lina chembe za biskuti. Bosi akalimeza. Picha ya eksirei ilionyesha kufuli ndani ya mfuko wa chakula, limekaa wima, wazi kabisa, hata tundu la funguo lilionekana. Wiki mbili lilikaa palepale. Ikaamuliwa litolewe kwa upasuaji, na mke wangu apimwe kwa hilo: afungue tumbo, akate mfuko wa chakula, atoe kufuli, ashone mfuko mbele ya watahini wawili. Mshono wa mfuko ndio hasa waliotaka kuuona, kwa kuwa ni kushona kulikomwangusha mara ya kwanza.

Sasa, kuna sheria katika kazi ile, na aliniambia yeye mwenyewe. Kitu kikimezwa, kabla ya kumpasua mnyama unapiga picha nyingine asubuhi ileile, hata kama ulipiga jana, kwa sababu matumbo hayalali. Asubuhi ile chumba cha eksirei kilikuwa na foleni. Mhudumu akamwambia picha ya juzi ipo na inajieleza, na kufuli lililokaa wiki mbili litaondokaje leo. Mke wangu alitazama saa, akatazama foleni, akakubali. Ng'ombe hapigwi picha ya tumbo malishoni, unamwamini kwa mkono. Mazoea yale ndiyo yaliyompeleka chumba cha upasuaji na picha ya Jumapili.

Yaliyotokea ndani nimesimuliwa naye mara tatu, na mara moja na mtaalamu wa dawa ya usingizi, ambaye ni mteja wangu. Bosi alilazwa chali, akanyolewa tumbo, akapakwa dawa ya kuua vijidudu. Watahini walisimama upande wa pili wa meza: Kobe, na mtahini mgeni kutoka chuo kingine, mtu mwenye haraka, aliyekuwa akiandika kabla jambo halijatokea. Mke wangu akakata. Akaunyanyua mfuko wa chakula, akauweka juu ya vitambaa vyenye maji, akaushika ili alipate kufuli. Hakulipata.

Akaubonyeza tena, huku na huku. Mfuko ulikuwa mtupu. Anasema alisikia kalamu ya mtahini mgeni ikikwaruza. Hapo ndipo jaribu lilipomjia, na nataka mlielewe vizuri. Mfuko ulikuwa mkononi mwake, safi, umetandazwa. Angeukata kidogo, akatazama ndani, akasema ameona hamna, kisha akaushona ule mshono alioufanyia mazoezi miezi mitatu. Hakuna ambaye angemlaumu. Mtahini mgeni hata alimpa njia, akamwambia anaweza kuufungua ahakikishe.

Mke wangu akafumba macho. Akaushika utumbo mwembamba pale unapoanzia, akaupitisha kati ya vidole vyake, shibiri kwa shibiri, mpaka mwisho. Kobe hakumwambia afumbue. Akavuka mwisho wa utumbo mwembamba akaingia utumbo mpana, na humo ndani akagusa kitu kigumu, chenye pembe na shingo iliyopinda. Akafumbua macho akasema, "Liko utumbo mpana. Sikati."

Utumbo mpana, alinieleza baadaye, una uchafu mwingi na unapona kwa shida, na kitu kikishafika humo kinatoka chenyewe kwa njia ambayo kila kiumbe anaijua. Mtahini mgeni akamuuliza kwa nini hashoni mfuko. "Sina cha kushona," akajibu. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuulizwa. "Nilipaswa kupiga picha leo asubuhi. Sikupiga. Ningepiga, mbwa huyu asingekuwa hapa."

Akalifunga tumbo tabaka kwa tabaka. Kobe aliinama akautazama mshono kwa makini. Mchana Bosi akapigwa picha, na sasa ubishi ukaanza. Kufuli lilionekana nyuma kabisa, lakini mtahini mgeni alisema picha inaonyesha kufuli tu, haionyeshi limo ndani ya bomba lipi. Kwa maoni yake lilikuwa limekwama mwisho wa utumbo mwembamba, mtahiniwa amekosea, na mbwa atarudi mezani. Kobe akasema wasubiri hadi Alhamisi saa sita mchana. Likitoka lenyewe, mtahiniwa alikuwa sahihi. Lisipotoka, atakuwa amefeli mara ya pili.

Kwa hiyo hatima ya mke wangu ikawa imeshikwa na haja kubwa ya mbwa mmoja mnene. Jumanne jioni hakula. Jumatano alikwenda wodini mara tano, na mara zote Bosi alikuwa amelala. Mwili uliopewa dawa ya usingizi huchelewa kuamka hata huko chini, alisema, akijituliza mwenyewe. Binti yetu akauliza kama tunaweza kumpelekea papai. Alinyamazishwa, lakini niliona mama yake akilifikiria.

Alhamisi nilifunga duka nikaenda naye. Ua wa wodi una sakafu ya saruji, bomba la maji na kipande cha majani. Tulimkuta mwalimu mstaafu ameshika kamba ya Bosi, na Bosi amevishwa ile kola pana ya plastiki ya kumzuia asilambe kidonda, ananusa kila kitu bila haraka. Kobe alisimama pembeni mikono nyuma. Mtahini mgeni alikuwa amevaa tai na anatazama saa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, watu wazima watano, tukimtazama mbwa makalioni.

Saa nne akachutama, tukabana pumzi, akainuka. Saa tano akachutama tena, ikatoka kidogo, hamna kitu. Mwalimu alimsemesha taratibu kama anavyosemeshwa mtoto anayejua jibu lakini hataki kulisema. Mke wangu alinishika mkono, na kwa kuwa ni mkono ule uliovuta ndama miaka kumi na tisa, vidole vyangu viliumia, nami nikavumilia.

Ilipobaki kama robo saa, Bosi akatoka kwenye majani, akaja katikati ya saruji, akazunguka mara mbili, akachutama kwa heshima zote. Tulisikia kabla ya kuona. Chuma kiligonga saruji.

Mtahini mgeni ndiye aliyewahi kuinama, tai yake ikaponea chupuchupu. Kobe akavaa glovu, akaliokota kufuli, akalipeleka bombani akaliosha kwa sabuni. Mwalimu mstaafu akafungua pochi, akatoa funguo, akaijaribu, na kufuli likafunguka. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mtahini mgeni naye akacheka, akasaini karatasi yake akiwa ameiegemeza ukutani, akampa mke wangu mkono na kuondoka.

Kobe alibaki. Alimwambia mke wangu kwamba amefaulu, na kwamba alama za picha ya asubuhi amemkata zote, wala hatazirudisha. Mke wangu akasema ni haki, kidonda kile cha Bosi amekisababisha yeye. Kisha mzee akavua glovu.

"Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja," akasema. "Mfuko mtupu nimeukata mara nne, Daktari. Nilijua ni mtupu, lakini watu walikuwa wananitazama. Yule wa nne hakuamka."

Mke wangu alilia, na mimi nikalia, wala sioni haya kulisema. Kobe akaondoka kwa mwendo wake, shingo mbele. Sisi tukabaki uani na mwalimu, ambaye alikuwa bado analifunga kufuli na kulifungua.